Mwongozo kamili: kusafirisha fimbo za kuvulia, mikuki na pondo, na kudai fidia zikifika zimevunjika

Fimbo ya kuvulia ya futi 8 huweza kustahimili mvuto wa jodari mzito kwa nusu saa nzima, kisha ikavunjwa na mlango wa pikapu uliofungwa kwa pupa. Mkuki wa riadha hurushwa mbali, ukatua kwa ncha, ukang'olewa na kurushwa tena. Mkuki huohuo ukilazwa chini ya gunia la viazi kwenye buti la basi hufika umepinda, na mkuki uliopinda haufai mashindano wala mazoezi. Sababu ni moja. Nyuzi za kaboni au za kioo hulazwa kwa urefu wa kifaa, na nguvu yake iko huko. Ukikibana kando, au kikigongwa mahali pamoja, unakipiga pale ambapo hakikuandaliwa kupigwa.

Haya ninayoandika ni kwa anayeagiza fimbo kutoka Ulaya, Japani au Dubai kwa ajili ya mashua za Watamu, Shimoni au Mafia, kwa klabu inayoleta mikuki Eldoret au Arusha, na kwa yeyote anayemtumia mwenzake kifaa kirefu kutoka mji hadi mji. Kufunga mzigo na kudai fidia nimeviweka pamoja kwa makusudi. Dai hushinda au hushindwa siku mzigo unapofungwa, na wengi wanaonyimwa fidia hunyimwa kwa jibu lilelile: "mzigo haukufungwa ipasavyo."

1. Pima kwanza, bomba la kufungia baadaye

Urefu ndio unaoamua nani atakubali kuupokea mzigo wako. Mfumo wa posta wa kimataifa hauruhusu kifurushi kuzidi mita 2 kwa upande wowote, wala jumla ya urefu na mzunguko wake kuzidi mita 3, na nchi kadhaa zimeshusha kikomo cha urefu hadi mita 1.5. Fimbo ya vipande viwili ya futi 7 hupita hapo bila shida. Ile ya kipande kimoja ya futi 8, ya kuwarushia chambo kolekole, ina mita 2.44 kabla hujaifunga. Posta umeshaiaga.

Mkuki hauna vipande vya kutenganisha. Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, alirusha mkuki wa gramu 800 ambao kanuni zinautaka uwe na urefu wa mita 2.60 hadi 2.70. Wa wanawake ni gramu 600, mita 2.20 hadi 2.30. Sasa piga hesabu: kampuni ya vifurushi ya UPS hupokea kifurushi kisichozidi sentimita 274. Mkuki wa mita 2.70, sponji ya sentimita 5 kila upande na unene wa vifuniko vya bomba, tayari umefika 281. Huo utakwenda kwa shehena ya ndege kupitia wakala, si kwa kampuni ya vifurushi, na ni afadhali ujue hivyo kabla ya kulipia.

Pondo, yaani fito ambazo wanariadha hurukia juu, zenye mita 4 hadi 5 na ushei, ni habari nyingine kabisa. Ndege ndogo hazizibebi, na hata kwa ndege kubwa lazima shirika likubali kwa maandishi kabla ya siku ya safari. Kukubaliwa kwa simu hakutoshi, kwa kuwa aliyekukubalia kwenye simu siye atakayesimama kaunta. Chapisha barua pepe yao, uende nayo mkononi.

Kisha kuna uzito wa ujazo. Kampuni za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000. Shehena ya ndege kwa kawaida hugawanywa kwa 6,000. Utalipia uzito mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Bomba la sentimita 280 kwa 11 kwa 11 lina ujazo wa 33,880: kilo 6.8 kwa hesabu ya kwanza, kilo 5.6 kwa ya pili. Uzito wake halisi likiwa na mikuki mitatu hukaribia hapohapo, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukiliweka bomba hilo kwenye boksi la sentimita 25 kwa 25 ili lionekane zuri, umeruka hadi kilo 35 kwa hesabu ya kwanza. Unene ndio unaokula pesa.

2. Bomba lenyewe

Mrija wa katoni unaoletwa na muuzaji unatosha dukani tu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bomba la PVC la maji taka, inchi 4, yaani milimita 110, lenye ukuta wa milimita 3 au zaidi. Huwa na kilo 1.5 hivi kwa kila mita. Kulijaribu ni rahisi: lilaze sakafuni, simama juu yake. Likibonyea chini yako, litabonyea na chini ya gunia.

Likate lizidi kifaa kwa sentimita 10. Upande mmoja funga kifuniko kwa gundi ya PVC, moja kwa moja. Upande wa pili usitie gundi kamwe. Forodha wana haki ya kufungua mzigo, na wakikuta hakuna njia ya kuufungua watautafutia msumeno, na msumeno haujui fimbo inaanzia wapi. Kifuniko hicho kishikilie kwa skrubu tatu fupi, na hakikisha ncha za skrubu hazitokezi ndani ya bomba. Juu yake andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa Kiswahili na Kiingereza: "Fungua hapa, skrubu 3, rudisha sponji kabla ya kufunga." Maafisa wengi hufuata maelekezo wakiyakuta, wasipoyakuta hufunga wanavyojua.

Bomba la mviringo lina ila moja: hubiringika. Kwenye mikanda ya kuchambulia mizigo huanguka, kwenye lori hutembea. Funga vipande viwili vya mbao, kila kimoja karibu na ncha, kwa mikanda ya plastiki, lipate miguu.

3. Kufunga

Hapa usiwe na haraka.

Anza na fimbo. Toa rili, isafiri peke yake kwenye boksi lake. Rili iliyoachwa kwenye fimbo ni nyundo uliyoifungia ndani mwenyewe. Mpini wa alumini wa zile fimbo nzito za kukokota chambo nyuma ya mashua kwa ajili ya nduaro na sulisuli hufunguka, ufungue. Fimbo za vipande viwili zilaze sambamba, ncha nyembamba ya kipande kimoja iegemee shina nene la kingine na ibaki nyuma ya mwisho wa shina hilo kwa sentimita kadhaa. Shina ndilo litakalopokea kishindo, ncha isiguse kitu.

Pete zinazopitisha mshipi zisikabiliane. Zigeuze, na kati ya kila pete na shina la jirani weka sponji. Funga kwa vitambaa laini au mpira wa baiskeli uliokatwa vipande vipande. Usitumie selotepu moja kwa moja juu ya rangi, wala kamba ya plastiki iliyokazwa hadi ikauma. Kisha zungusha nailoni ya vipovu kwa urefu wote, hadi kifurushi kiingie bombani kwa kusukumwa kidogo.

Miisho miwili ndiyo inayouawa, maana mzigo mrefu ukianguka huangukia mwisho. Sponji ya godoro peke yake ni laini mno, hubonyea hadi sufuri na ncha ikagonga kifuniko. Kata duara mbili za sponji ngumu, ile ya soli za malapa, uziweke zikiegemea kifuniko, halafu ndipo ufuatishe sponji ya godoro. Ngumu huzuia kutoboka, laini hupunguza kishindo.

Mikuki huenda hivyohivyo, isipokuwa ncha zake ni za chuma. Vika kila ncha kipande cha mpira kisha kitambaa, na ipangwe ikipishana: kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwingine. Bomba la inchi 4 hubeba mitatu kwa raha. Wa nne huingia, ila utalazimika kupunguza sponji, na mimi singefanya hivyo kwa mikuki ya kaboni.

Pondo hupakiwa kadhaa kwa pamoja, kila moja na mfuko wake wa kitambaa, mifuko yote ndani ya gamba gumu. Kwa pondo hata mkwaruzo ni jambo zito, kwa sababu kifaa kile hukunjwa hadi karibu nusu duara huku mtu akiwa hewani, na ufa huanzia pale palipokwaruzwa. Zitie namba kila moja, uziorodheshe. Fabiana Murer wa Brazil alijikuta katikati ya fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 upondo wake mmoja haupo, na hapo zilikuwa zimeshafika uwanjani salama.

Ukishafunga, shika bomba litikise kwa nguvu. Ukisikia chochote kinatembea, fungua uanze tena. Kisha liinue kiasi cha kiuno, liachie lianguke kwa mwisho mmoja, halafu kwa mwingine. Ukiogopa kulifanyia hivyo nyumbani kwako, basi halijawa tayari kwa makuli.

Vipi kuhusu kibandiko cha "INAVUNJIKA"? Kiweke. Hakizuii chochote, lakini hukusaidia baadaye kuonyesha kwamba mbebaji alijulishwa.

4. Picha, kabla hujafunga kifuniko

Piga hizi, na ziwe na tarehe: kifaa kizima kikiwa hakijafungwa, namba yake ya utambulisho kwa karibu, pete na ncha, jinsi kilivyofungwa katika kila tabaka, sponji za miisho, bomba lililofungwa likiwa kando ya futikamba, kisha likiwa juu ya mizani, na mwisho, bomba likiwa na kibandiko cha hati ya mzigo mezani kwa wakala. Hiyo ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo inayoonyesha kwamba mzigo ulitoka mkononi mwako ukiwa mzima. Muuzaji akiwa nje ya nchi, mwombe azipige na azitume kabla hujalipa salio. Wengi hukubali, kwa sababu picha zinamlinda yeye pia.

5. Thamani na bima

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, ndio unaotawala safari za ndege za kimataifa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia kwa shehena ni SDR 26 kwa kila kilo, na kwa mizigo ya abiria ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na moja huwa dola 1.3 hadi 1.4 hivi.

Bomba letu la mikuki mitatu lina kilo 6.6. Mara 26 ni SDR 171.6, yaani kama dola 230. Mkuki mmoja wa kaboni wa mashindano unaweza kupita dola 1,000. Ndiyo maana ukimya wakati wa kujaza hati ni ghali. Mkataba huohuo unaruhusu utangaze thamani maalumu unapokabidhi mzigo, ulipe ada ya nyongeza, na kikomo kipande hadi thamani hiyo. Njia ya pili ni bima ya mizigo.

Kwenye bima usiridhike na neno "imekatiwa bima". Uliza ni masharti gani. Vifungu vya kimataifa vya bima ya mizigo viko vya A, B na C. A ndivyo vipana kabisa. C hushughulikia maafa makubwa kama moto, meli kuzama au gari kupinduka, wala havigusi fimbo iliyovunjwa na mpakuzi. Chini ya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, kuna masharti mawili ambayo muuzaji hulipa nauli na bima: anayekuuzia kwa CIF analazimika kukata C tu, ilhali wa CIP analazimika kukata A. Herufi hizo tatu kwenye ankara zinaweza kuwa ndizo zinazokula pesa zako. Na hata A haviwalipi waliofunga vibaya. Picha za hatua ya 4 ndizo kinga hapo.

Usishushe thamani kwenye ankara ili kupunguza ushuru. Achilia mbali sheria, ukiandika dola 80 utalipwa dola 80.

Kaunta ya ndege nayo ina mtego: mhudumu anaweza kukutaka utie saini kwenye lebo inayosema shirika halitawajibika kwa kitu dhaifu au kilichofungwa vibaya. Isome. Kama sanduku lako ni bomba gumu, mwonyeshe, umwombe afute sehemu ya "kimefungwa vibaya". Wakati mwingine hukubali.

6. Basi, feri na bodaboda

Safari ya kimataifa mara nyingi siyo inayovunja. Kipande cha Nairobi hadi Malindi, au Dar es Salaam hadi bandarini na kuvuka Unguja, kina mikono mingi na karatasi chache. Risiti nyingi za mabasi zina sentensi kwamba mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Basi peleka bomba mapema, omba liwekwe kando ya ukuta wa buti, lifungwe kwa kamba, na magunia yasije juu yake; mpe shukrani yake anayepakia, kwa kuwa ndiye bima yako pekee siku hiyo. Andika namba ya basi na muda wa kuondoka. Bora zaidi ni mtu unayemjua asafiri nalo.

Bodaboda na bomba la mita 2.5, hapana. Lipia bajaji au pikapu.

7. Kupokea

Usitie saini kwanza. Lizungushe bomba, tafuta palipobonyea, kifuniko kilichohamishwa, skrubu iliyopungua. Ukiona kitu, andika kwenye hati ya kupokelea, kwa maneno yanayoeleweka: "Bomba limebonyea sentimita 60 kutoka mwisho, kifuniko kimepasuka." Kuandika "sijakagua" hakukusaidii sana. Kupokea bila kulalamika huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba mzigo ulifika salama, hadi wewe uthibitishe vinginevyo.

Fungua huku ukirekodi video, kibandiko kikionekana tangu mwanzo. Kwa fimbo, pitisha kidole polepole kwa urefu wote ukitafuta ufa au mahali palipolainika, kisha pitisha pamba ya masikioni ndani ya kila pete: nyuzi zikinasa, kauri ya ndani imepasuka, na itakata mshipi siku ya samaki mkubwa. Ikunje taratibu ukisikiliza mlio. Mkuki ubiringishe juu ya meza iliyonyooka, utazame mkia: ukichora duara, umepinda.

Kaboni huficha jeraha. Iliyogongwa inaweza kuonekana nzima na ikakatika baharini wiki ya tatu, wakati muda wa kulalamika umeshapita. Kama bomba limebonyea, lalamika hata kama fimbo inaonekana salama.

8. Kudai

Muda ndio unaowamaliza watu. Kwa safari ya ndege ya kimataifa, mzigo wa abiria ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Shehena, ndani ya siku 14. Uliochelewa, ndani ya siku 21. Kesi mahakamani, ndani ya miaka 2. Uwanjani usitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kujaziwa PIR, yaani ripoti ya shirika kuhusu mzigo wenye hitilafu, ila ujue kwamba ripoti hiyo si dai kamili: barua yako itumwe pia, ndani ya siku hizo 7. Kwa meli, chini ya Hague-Visby, kanuni za kimataifa za shehena ya baharini, uharibifu usioonekana kwa nje hutolewa taarifa ndani ya siku 3, na kesi ndani ya mwaka 1. Vifurushi vya posta haviko chini ya Montreal. Huko dirisha la maulizo ni miezi 6 tangu kutuma, lakini uharibifu uandikishwe kaunta siku ya kuchukua. Usafiri wa ndani ya nchi hufuata masharti ya mbebaji mwenyewe, nayo huweza kuwa ya saa 24.

Nani adai? Kampuni nyingi za vifurushi husikiliza aliyetuma kabla ya aliyetumiwa. Kwa hiyo barua moja nenda nayo kwa mbebaji, nakala kwa muuzaji, nakala kwa bima, siku hiyohiyo. Isiwe na hasira wala hadithi. Mfano:

"Mzigo namba ____, uliopokewa tarehe ____ mahali ____. Ndani: fimbo 2 za kaboni, namba za utambulisho ____. Uharibifu: fimbo ya kwanza imevunjika sentimita 40 kutoka ncha, bomba limebonyea mahali hapohapo. Ninadai dola ____, kwa mujibu wa ankara iliyoambatishwa. Nimeambatisha picha za kabla ya kufungwa, za kupokelewa, na hati ya kupokelea yenye maelezo. Mzigo na vifungio vyake vyote vipo kwa ukaguzi anwani ____. Naomba namba ya dai kwa maandishi."

Neno "vifungio vyake vyote" lina uzito. Ukitupa bomba na sponji, umetupa nusu ya ushahidi. Usitengeneze kifaa, wala usikirudishe kwa muuzaji, hadi mkaguzi akione au mbebaji aandike kwamba hatakuja. Dai pia nauli uliyolipia na gharama ya mkaguzi, maana usipozitaja hakuna atakayekukumbusha.

Jibu la kwanza likiwa hapana, jibu kwa hoja moja moja. Wakisema hakikufungwa vizuri, tuma picha za miisho na vipimo vya ukuta wa bomba, uwaulize ni kasoro gani hasa wanayoiona. Wakinyamaza, wasimamizi wapo: kampuni za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya, na mwenzake TCRA kwa Tanzania, za bima husimamiwa na mamlaka za bima, IRA kwa Kenya na TIRA kwa Tanzania. Kenya ina pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Ukipewa pendekezo la nusu, angalia kifaa kabla ya kukataa. Fimbo iliyokatika sentimita chache kutoka ncha fundi huibandika pete mpya na ikaendelea kuvua, ingawa imepoteza urefu na thamani. Kwa hiyo nusu inaweza kuwa haki. Mkuki uliopinda na upondo wenye ufa havina nusu: ni fidia kamili au endelea kudai. Na ukilipwa kamili na bima, kifaa kilichovunjika kwa kawaida huwa mali yao, kwa hiyo kiache bombani mwake hadi waseme kama wanakichukua.